Maji ya Kulala

4 Machi

Mdogo wangu Wembe,

Pokea salamu zangu, na za mpwa wako pia, aliyeniagiza nikuandikie kwamba mjomba asisahau kula. Nimefika salama, ila miguu ilivimba kwa kukaa garini. Mtoto nimemkuta mzima, ana kichwa kikubwa kama chako na sauti ya kutoa amri. Akilia, baba yake anakimbilia huku, mama yake kule, na mimi napigwa vikumbo katikati. Tumemwita Mkurugenzi. Nitarudi akishakaza shingo, si zaidi.

Habari za nyumbani? Dirisha la chumba changu cha kushonea umelifunga? Cherehani uifunike shuka, nywele za wateja wako zisiingie ndani yake. Wateja wangu wakija kuniulizia, waambie Mama Pindo hajafa, anabembeleza mjukuu.

Sasa la maana. Mpangaji wangu hajambo? Najua humpendi. Tangu siku alipoingia uani na mvua, akajipangisha chini ya sinki bila kuuliza kodi, umekuwa ukisema nyumba hii ina nafasi ya mmoja wenu tu, na mpaka leo mpo wote wawili. Lakini nimemwacha mikononi mwako kwa sababu sina mwingine. Tangu shemeji yako atangulie mbele ya haki, huyo chura ndiye ninayezungumza naye asubuhi wewe ukiwa bado unakoroma, na hajawahi kunikatiza. Mpe mende jioni, panzi akipatikana, na lile nililokuambia mlangoni begi likiwa begani: maji ya kulala. Usisahau hilo.

Usipige simu. Simu ya huku iko sebuleni, na mkwe wangu hukaa pembeni yake kama karani wa mahakama. Andika.

Mimi dada yako mwenye miguu ya kuvimba.


17 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mkurugenzi ameripoti kazini. Mwambie mjomba wa mama yake anamsubiri kwa kipara cha kwanza, bure, na wembe mpya.

Huku tuko salama. Dirisha nimefunga, cherehani nimefunika. Kile kiti cha kuzunguka nilichonunua kimekwama: kinageuka kulia tu. Mteja akitaka kuona nani ameingia mlangoni, inabidi nimzungushe duara zima, na akifika mlangoni yule mtu ameshaketi. Jana wawili waliokuwa hawasemezani walizungushwa hivyo mpaka wakacheka, wakapatana. Nafikiria nisikitengeneze. Kioo kikubwa pia nimekihamisha, sasa kinatazama mtaani, na watu wanasimama nje kujitazama halafu wanaona aibu, wanaingia kunyoa. Jirani anauliza utarudi lini. Nimemwambia mtoto akikaza shingo.

Mpangaji yupo. Amenenepa. Kelele amepunguza, duka limetulia. Maji yake nampa kama ulivyoagiza, sikosi hata siku moja.

Ni mimi mdogo wako, Wembe.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Sote hatujambo. Mkurugenzi ameanza kucheka peke yake usingizini, binti yangu anasema anaota, mimi nasema ni gesi. Mkwe amejifunza kubadilisha nepi, ingawa huziba pua kwa kibanio cha nguo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikicheka kile kiti. Mara ya pili nikaona chura karibu hayumo. Nakujua tangu unatambaa, Wembe. Ukivunja kikombe, ulikuwa unakuja jikoni kuisifu sahani. Kiti umekiandikia nusu ukurasa, kioo umekipa robo, na chura wangu kapata mstari mmoja ulioandikwa mbiombio. Eti amenenepa! Chura hanenepi ghafla hivyo, chura anavimba. Na chura aliyepunguza kelele msimu wa mvua hajapata adabu, anaumwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niambie ukweli wote, na usianze na kiti.

Halafu, ukimpata mtu anayekuja huku, nitumie mkasi wangu mkubwa. Wa hapa haukati, unatafuna.

Dada yako, anayekujua.


15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nyumba ni nzima, duka ni zima, mimi ni mzima. Mpangaji anaumwa. Nimelitapika.

Alianza wiki ile ulipoondoka. Tumbo lilijaa, ngozi ikapauka, mende akipita mbele ya pua hamtazami hata kwa kejeli. Macho anafumba. Nilidhani amenuna kwa kukukosa, nikamwacha anune, maana mimi pia nilikuwa nimenuna kidogo. Sikukuambia kwa sababu umeniachia kitu kimoja tu nikitunze, na kitu chenyewe ndicho hicho.

Barua yako ilifika siku ambayo Daktari wa Ng'ombe amekuja kutengenezwa ndevu. Nilikuwa nimemaliza shavu moja. Nikaweka wembe chini, nikamweleza. Akasema, "Mzee, mimi ni wa ng'ombe na mbuzi. Chura nilikutana naye chuoni tu, na siku hiyo hakuwa hai." Lakini alisimama na shuka langu shingoni, ndevu nusu, akaenda uani, akachutama mbele ya karai la Mpangaji.

"Unamshika kwa mikono hiyo?" akaniuliza.

"Ndiyo, lakini ni misafi. Napaka spiriti kutwa."

"Basi unamnywesha spiriti. Chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi. Ukimgusa na sabuni, amekunywa sabuni. Ukimgusa na manukato, amekunywa manukato."

Nilitazama mikono yangu nikaona ni ya muuaji. Akaagiza nimwogeshe kwa maji yenye chumvi kidogo sana, nimweke kivulini juu ya kitambaa kibichi, nisimlazimishe kula. Akauliza habari za maji. Nikamwambia maji yangu hayana kasoro: kila siku kabla sijapanda kitandani namwaga ya zamani, nafungua bomba, namjazia mapya yanayotoka moja kwa moja, kama dada alivyoagiza. Akanisifu kwa usafi. Kisha tukarudi kwenye shavu la pili.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Ni ya kufa na kupona, lakini nipo naye. Mkasi wako nimeutafuta sijauona.

Wembe, ambaye siku hizi ananawa kwa maji matupu.


26 Aprili

We Wembe, we!

Kwanza salamu, nisije nikaonekana sikulelewa. Mkurugenzi amekaza shingo, anageuza kichwa kama askari wa barabarani. Binti yangu anakusalimia. Haya, salamu zimekwisha.

Kila siku kabla hujalala unamfungulia bomba? Maji ya kulala, mdogo wangu! Maji yaliyolala! Unayateka leo, unayaacha ndooni wazi mpaka kesho yake, ndipo unampa! Bomba letu linanuka dawa mpaka chai inanuka. Yakilala, dawa inaruka, yanabaki maji. Wewe umemchovya mtoto wa watu kwenye dawa kila siku iendayo kwa Mungu, na ukauita huo usafi! Huyo Daktari naye mwambie asikusifu tena bila kuniuliza.

Hukumbuki ndoo mbili za mama nyuma ya mlango, ya leo na ya kesho? Enzi zile tope ndilo lililokuwa linasubiriwa litulie, siku hizi ni dawa, lakini ndoo ni zilezile. Ah, nimekumbuka sasa. Wewe ulizaliwa bomba limeshaingia ndani. Hukuwahi kumsikia mama akisema "msiguse hayo, yamelala." Basi kosa nakuachia nusu, nusu nachukua mimi niliyekupa maagizo mguu ukiwa nje.

Anza leo. Na usimwage yote kwa pamoja, mbadilishie kidogo kidogo asishtuke. Akizidiwa niambie upesi.

Mkasi uko kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, ulipokaa miaka yote. Huwezi kuukosa labda uwe umefumba macho. Naishia hapa, harufu ya rangi inaniuma kichwa, mkwe amepaka chumba changu.

Dada yako, aliyepoa kidogo.


9 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Matusi yako yote nimeyapokea salama, hakuna hata moja lililopotea njiani. Hongera kwa shingo ya Mkurugenzi.

Nijitetee kidogo. Nguo za kulala huvaliwa wakati wa kulala. Chumba cha kulala ni cha mtu kulala. Sasa maji ya kulala, jamani, ningejuaje kwamba anayelala ni maji yenyewe? Nilipigisha kura dukani. Wazee wote wakasimama upande wako. Upande wangu nikapata wenye nywele.

Lakini nimetii. Ndoo mbili ziko nyuma ya mlango wa uani, ya leo na ya kesho, na mtu akizisogelea nasikia naropoka, "Usiguse hayo, yamelala!" Mteja mmoja alinyata kama amepita karibu na mgonjwa. Ile brashi yangu laini ya kufagilia nywele shingoni, ile mpya, ndiyo ninayomlowanishia mgongo. Usimwambie mtu. Wateja wananiletea panzi kwenye viberiti, wananiuliza hali yake kabla ya kuniuliza yangu. Tumbo limeanza kushuka.

Jumanne alinitoa roho. Nilikuta ngozi inamtoka mwili mzima, anaivuta kwa mikono kupitia kichwani kama mtu anayevua fulana inayombana, halafu anaila. Nikasema amerukwa na akili, anajila mwenyewe. Nilimwacha mteja na povu usoni nikakimbia kwa Daktari. Daktari akacheka mpaka akatafuta pa kuketi. "Rudi ukamnyoe mtu wako," akasema. "Chura anayevua ngozi na kuila ana mpango wa kuishi." Chini yake ametoka na ngozi inayong'aa, ya kijani kama siku ya kwanza. Bado hajala, bado hajatoa sauti.

Sasa na mimi niulize. Umeandika "chumba changu." Chumba chako kipi, dada? Ulisema utarudi mtoto akikaza shingo. Mkasi bado nautafuta.

Wembe, muuguzi.


20 Mei

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Mkurugenzi ameanza kukaa akiegemezwa mto.

Nilikuwa nimeamua nisikuandikie haya, lakini umeuliza. Wamenipa chumba, kile kikubwa chenye dirisha linalotazama barabara. Wamekipaka rangi ninayoipenda. Juzi mkwe ameingia na cherehani ya umeme, mpya, haina hata alama ya kidole. Binti yangu hajaniomba nibaki. Amenunua tu kila kitu, kisha akanyamaza, na kimya hicho ndicho kinachonifunga. Wananipenda, Wembe, na mimi nawapenda. Mtoto akiamka ananitafuta kwa macho.

Sijawajibu. Nimejiambia nitajua Mpangaji akipona au asipopona. Akifa, sijui nitarudi uani kufuata nini. Kwa hiyo usinifiche tena. Ukiniambia amezidiwa, napanda basi siku hiyohiyo, hata kwa kumuaga tu. Akipona pia niambie, nifikiri vizuri.

Dada yako.


3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Wasalimie wote. Mwambie Mkurugenzi nimefurahi kusikia anakaa, ingawa na wewe naona umekaa.

Barua yako niliisoma nikiwa uani, nimekalia ndoo tupu. Nikaisoma tena. Umeandika akifa hujui utarudi uani kufuata nini. Mimi niko dukani, dada. Ni ukuta mmoja tu kutoka hapo uani.

Nitakuambia nilichotaka kufanya. Nilitaka kukuandikia kwamba ni mahututi. Ungepanda basi siku hiyohiyo, umesema mwenyewe. Ukifika ningesema alipata nafuu ghafla, nawe ungekuwa umeshatua begi. Nilichukua kalamu nikaandika salamu, nikaandika "Mpangaji hali yake ni mbaya sana," na hapohapo, chini ya sinki, akaimba! Si kidogo. Aliimba kama redio iliyosahauliwa imewashwa. Dukani wakapiga makofi, mmoja akajaribu kujizungusha kwenye kiti aone uani akaishia kutazama ukuta. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini mimi zilinizuia kusema uongo. Karatasi ile nimeichana.

Kwa hiyo Mpangaji amepona. Anakula mende mpaka nina wasiwasi tutaishiwa. Nikimlowanisha mgongo anafumba macho kwa raha, na naona haya kukuambia kwamba nimeanza kuzungumza naye asubuhi. Nakukubalia, hakatizi mtu.

Lingine. Mkasi haukupotea. Siku uliponiagiza nilikwenda moja kwa moja kwenye msumari nikaukuta, nikaufuta vumbi, nikauacha palepale, na nimeendelea kuufuta hivyo. Mshonaji akiagiza mkasi wake, amehama. Nilijua hivyo tangu barua ile, ndiyo maana sikuuona. Sasa nautuma, nimeufunga kwenye taulo la dukani. Daktari wa Ng'ombe anakuja huko kwenye mkutano wao, atauleta mpaka mlangoni. Mpe chai, ila usimgombeze kwa habari za maji, ameshajuta.

Kaa huko ukipenda. Chumba kina rangi, mtoto anakutafuta kwa macho, hayo si mambo ya kuachwa. Mpangaji asikusumbue, ana mtu. Nimekukosa, dada. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Mdogo wako.


14 Juni

Mdogo wangu Wembe,

Salamu zako zimefika, na Daktari amefika, na chai amekunywa vikombe vitatu kwa kuniogopa. Mkurugenzi amemvuta ndevu. Binti yangu na mkwe wanakusalimia sana.

Taulo nililifungua peke yangu, mlango nimefunga. Nikapitisha kidole kwenye makali, nikajua. Umeunoa. Hukutaka niondoke, nawe ukakaa na jiwe lako la kunolea ukaunoa mkasi wa kuhamia, usije ukanisumbua huku ugenini. Nililia, Wembe. Nililia mpaka binti yangu akagonga mlango.

Nimemkatia mjukuu shati, limetoka vizuri kuliko nguo yoyote niliyokata mwaka huu. Kisha nikawaita wote wawili mezani nikawaambia. Binti yangu amenuna siku nzima, halafu akaniuliza cherehani ya umeme aifanyie nini. Nimemwambia aifunike shuka, aniwekee chumba, nitakuwa nakuja kila mwaka na kila akizaa. Akasema basi hatazaa karibuni. Tumecheka, yameisha.

Nilikosea kuandika kwamba sina cha kufuata uani. Asubuhi nazungumza na chura kwa sababu nakusikia unakoroma upande wa pili wa ukuta. Bila huo ukoromaji ningekuwa mwanamke kichaa tu, amechutama mbele ya karai.

Nafika Alhamisi kwa basi la mchana, na mkasi wangu mkononi, sithubutu kuuweka kwenye begi. Kile kiti usikitengeneze mpaka na mimi nizungushwe nacho. Jumatano uteke maji ndoo mbili, moja ya Mpangaji na moja yangu. Uyaache yalale.

Dada yako, Mama Pindo.